Majani Juu ya Mtungi wa Somoe

Siku ile ya mtungi naikumbuka, mwanangu, na waliokuwapo nawajua kwa majina. Alikuwapo Somoe, mtoto wa mama yangu mkubwa, kwa hiyo dada yangu. Alikuwapo mama yake, Bi Zainabu. Alikuwapo mama mkwe wake, Mama Hamisi, maana Somoe na Hamisi walikuwa wameoana baada ya mavuno. Na alikuwapo Bibi Salima, dada yake babu, ambaye akisema hakuna wa kumkatiza. Mimi nilikuwa mwali, nimetoka unyagoni juzijuzi.

Ilikuwa hapa Newala, enzi za Mwingereza, bomba halijatufikia. Huku juu mihogo ipo, mikorosho ipo, ila maji yalikuwa bondeni. Tulishuka mteremko alfajiri, tukapanda na mitungi kichwani, juu ya maji tumetandika majani yasimwagike. Kila mwanamke alikuwa na mkono wake wa kupanga majani, kama wa kusuka ukili.

Mwanamke aliyeolewa karibuni sharti amchotee mama mkwe wake maji. Somoe alikuwa hodari wa kulima na kutwanga, lakini akifika kwenye jiwe, pale njia inapokuwa nyembamba, anasimama hapiti na jasho linamtoka. Kwa nini, mwenyewe hajui. Basi yeye akawa anatutwangia mihogo, sisi tunamchotea. Siri ikakaa, mpaka Mama Hamisi alipoutazama mtungi vizuri.

“Majani haya ni ya mkono wa mdogo wako,” akamwambia Somoe, akininyooshea mimi kidole. “Mwanangu amekuoa wewe au ameoa ukoo mzima?”

“Nisamehe, mama. Pale kwenye jiwe siwezi kupita, jasho linanitoka.”

“Kwani jiwe limekutukana? Hicho ni kiburi. Hamisi akunje mkeka wake arudi kwangu.”

Kwetu mwanamume ndiye huhamia kwa mke, kwa hiyo mkeka ukikunjwa, ndoa imekwisha. Somoe alilia bila sauti.

Bibi Salima akasema, “Mama Hamisi, mwenye kiburi hatoki jasho.” Kisha akageuka. “Zainabu, mtoto huyu alipatwa na nini pale?”

Bi Zainabu akajifuta macho kwa kanga. Akaeleza kwamba Somoe akiwa bado wa mgongoni, waliteleza pale kwenye jiwe. Mtungi ukavunjika, wao wakaning'inia kwenye mzizi hadi watu walipofika. Hakuwahi kumwambia, akidhani mtoto mchanga hakumbuki.

Mwanangu, mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Na huyu hakujua hata kama alitafunwa.

Tukafurahi, tukasema dawa imepatikana. Kesho yake Somoe akashuka nasi, akafika kwenye jiwe, akakaa chini, jasho likimtoka vilevile. Nikamwambia, “Si umekwisha ambiwa?” Bibi Salima aliposikia neno langu hilo, alinikemea. “Kujua mwiba uliko si kuung'oa, binti. Mguu hauamini kwa kuambiwa, huamini kwa kukanyaga.”

Akamtuma Mama Hamisi mwenyewe amshike mkono. Alinung'unika, lakini alikwenda. Walianza bila mtungi, wakaishia karibu na jiwe, wakarudi wakizungumza mambo ya kuku. Tena wakaligusa jiwe. Tena wakapita na kibuyu kitupu. Haba na haba, mpaka tukazoea kuwaona wawili wale njiani, mmoja akimcheka mwenzake kwa mwendo wa kobe.

Mjukuu wangu Rehema anasoma saikolojia, elimu ya nafsi za watu. Alinieleza kwamba Ulaya alikuwapo daktari wa zamani aliyesema ndani ya mtu mmoja wamo watatu: mmoja anataka tu kama mtoto mchanga, mmoja anakemea kama mzazi, na mmoja anawasuluhisha. Akasema pia kwamba mengi yanayotusukuma yamejificha tangu utotoni, na mtu akiyasema yote hupata nafuu. Nikauliza, “Walimu wenu wanayakubali?” Akajibu, “Si yote, bibi. Mengi hayapimiki, wameyaweka kando. Lakini kwamba moyo una mambo usiyoyajua mwenyewe, na kwamba malezi huacha alama, hayo yamebaki, ingawa si kama alivyoyasema yeye. Na mwenye hofu siku hizi husaidiwa pia kuikaribia kidogo kidogo.” Nikamkumbuka Somoe.

Kwa hiyo, mwanangu, ukimwona mtu ameshindwa na jambo dogo, usiseme haraka kuwa ni mvivu au ana kiburi. Muulize alikotoka. Ukishamjua, usimwache hapo na maelezo. Shuka naye mteremko. Na yaliyomo ndani mwako usiyaonee aibu.

Ilifika asubuhi Somoe akapanda na mtungi wake mwenyewe. Mama Hamisi akayatazama majani, yamepangwa ovyo, mengine yanachungulia nje. Akasema, “Mkono huu sijapata kuuona.” Akachota kwa kata, akanywa mpaka mwisho, na mkeka wa Hamisi haukukunjwa.

Mungu akupe wa kukushika mkono penye jiwe lako, nawe akujalie kuwa mkono wa mwenzio. Na kama wapo wa Newala au Lulindi waliosikia habari hii kwa namna nyingine, au jina la mtu nimelikosea, wanirekebishe nikingali hai.