Harusi Iliyonukia Lami

Barabara ya mbele ya nyumba yangu wanaitia lami wiki hii. Majirani wanafunga madirisha na kulaani. Mimi nafungua langu, nakaa na kikombe cha chai, navuta pumzi na kucheka peke yangu. Mume wangu kanizoea. Nyinyi bado, basi ngoja niwaeleze: ile ni harufu ya harusi ya mama mdogo wangu, Zuhura.

Nilikuwa na miaka tisa, nikiishi Palma, kaskazini mwa Msumbiji, kwa bibi mzaa mama, Bibi Mwanahawa. Ulikuwa ule mwanzo mwanzo wa gesi. Sisi watoto hatukujua gesi ni kitu gani hasa. Tulijua tu kwamba iko chini ya bahari, kwamba wageni wameiona, na kwamba karibuni kila mtu atakuwa tajiri. Meli zilizokuwa zikipita mbali zikawa zinasimama mbele yetu, kubwa kupita msikiti. Watu wazima walitazama baharini kama wanaomngoja mjomba aliyeahidi zawadi.

Bibi hakungoja kitu, alikuwa na kazi yake. Yeye alikuwa mfukizaji. Hakuna bi harusi wa mtaa wetu aliyetolewa bila nguo zake kupita mikononi mwake: anaweka chetezo chini, anatia udi juu ya makaa, anakifunika kwa tenga, kisha anatandaza nguo juu ya tenga ili moshi uzipite taratibu. Watu walisema nguo aliyoifukiza Bibi Mwanahawa hunukia mpaka mtoto wa kwanza azaliwe. Uongo, lakini uongo mtamu, na bibi hakuukanusha hata siku moja.

Maji ya bahari yakitoka tulikwenda pwani na akina mama kuokota chaza. Miezi ile tulirudi na mafuta meusi kwenye nyayo, yananata, hayatoki kwa maji wala kwa mchanga. Bibi alinisugua kwa mafuta ya nazi na makumbi huku akinitania, "Mke mwenzangu, miguu hii nani ataioa?" Chaza wengine tuliwatupa, maana walikuwa na ladha ya mafuta ya taa. Watu walinung'unika, wakaendelea na maisha yao.

Asubuhi, siku moja kabla ya harusi ya Zuhura, nikaokota donge jeusi, ukubwa wa ngumi, laini, linanuka. Moyo ukaniruka. Ambari! Bibi alikuwa amenisimulia mara mia jinsi babu yake alivyookota ambari kisiwani Rongui, na wanawake wa nyumba yake wakanukia mwaka mzima. Ambari inatoka tumboni mwa nyangumi, alisema; ikiwa mbichi ni nyeusi na inanuka vibaya, mpaka ionje moto ndipo itoe uturi wake. Donge langu lilikuwa jeusi. Lilinuka vibaya. Ushahidi gani tena?

Nilipofika nyumbani, bibi alikuwa ametoka kwenda kuazima masufuria kwa jirani. Nguo za Zuhura zilikuwa juu ya tenga, udi unaishia ishia. Nikainua tenga upande mmoja, nikatia donge langu zima. Nilitaka mama mdogo anukie kuliko bi harusi yeyote aliyewahi kuolewa duniani.

Lo! Ulitoka moshi mweusi, mzito, wa kukaba koo. Bibi akaja mbio, akakivuta chetezo kwa mikono mitupu. Doti ya kanga na gauni vilikuwa vimeingia harufu mpaka kwenye nyuzi.

"Nilidhani ambari," nikasema, machozi yananitiririka.

Akanitazama. Midomo ilimchezacheza, sijui alitaka kulia au kucheka. "Kalete ndimu," akasema. "Na mdomo wako uufunge. Hili ni langu."

Tukafua, tukasuuza, tukaanika juani, akafukiza tena kwa udi wote uliobaki. Wapi! Ukinusa juu unapata udi, ukinusa chini unapata lami.

Kesho yake, baada ya nikaha, bwana harusi aliletwa ndani kumpa mkono mkewe. Alikuwa Shomari, mtu wa Mtwara, fundi wa injini za boti, mekaniku kama tulivyosema sisi. Mama yake, mwanamke asiyejua kunong'ona, akanusa mara mbili. "Jamani! Mwari huyu kafukizwa udi au kafukizwa injini?"

Zuhura akauvuta ushungi wake mpaka kidevuni. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilijua sasa harusi inavunjika, na aliyeivunja ni mimi.

"Ni mimi, dada," bibi akasema kwa sauti ya kusikika. "Macho yameniishia. Nimetia takataka ya pwani nikidhani udi."

Shomari akainama, akanusa kanga ya mkewe, akaangua kicheko. "Mama, haya ni mafuta ya meli. Wanaosha matangi yao huko nje, uchafu wanatuachia sisi. Mimi kutwa nanuka hivi hivi. Leo nimepata wa kufanana naye!"

Vigelegele! Hata mama mkwe alicheka mpaka akajifuta macho. Tulikula wali wa nazi siku ile, nikala kama niliyefufuka.

Baada ya hapo wenye harusi walipita mlangoni kwetu wakaenda kwa mfukizaji wa mtaa wa pili. Nani ampe mzee asiyetofautisha udi na lami nguo za mwanawe? Meli hazikulaumiwa na mtu. Bibi hakulalamika, wala hakunikumbusha hata kwa utani. Na macho yake yalikuwa mazima. Alitunga uzi kwenye sindano bila miwani hadi mwisho wa maisha yake.

Nilikuwa nimeshazaa mtoto wangu mwenyewe ndipo nilipoelewa alichokitoa siku ile ili jina langu lisitajwe. Utotoni sikuona kitu. Niliona tu kwamba alasiri zote sasa yupo nyumbani, ananisuka nywele bila haraka, na kila mwenye harusi alipopita bila kubisha hodi, mimi nilishangilia moyoni: leo tena bibi ni wangu peke yangu.