Nyasi Zilizoanzia Getini

Nakumbuka siku moja ya vuli kule Machame, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, maji ya mfereji unayasikia lakini huyaoni. Nilikuwa nimeolewa juzijuzi. Mimi na baba yako tumesimama na mfuko wa mbegu za nyasi, na machoni petu uwanja wote umeshakuwa kijani. Ee, ujana mtamu!

Nakuambia haya, mwanangu, kwa kuwa nasikia unataka kupanda nyasi uwanja mzima wa nyumba yako ya Shirimatunda.

Bibi yako, mama mkwe wangu, alikuwa ametuomba kitu kimoja tu. Krismasi, wanawe wote wakirudi nyumbani, aketi nao kwenye nyasi nyuma ya nyumba, kando ya kaburi la mumewe. Nikamuuliza baba yako, "Umepima?" Akacheka.

"Nipime nini, mke wangu? Utaona zitabaki."

Tukaanzia getini, ili ndugu wakishuka kwenye magari wapaone. Baba yako alimwaga mbegu utadhani analisha kuku. Tulipofika usawa wa jikoni, mfuko mtupu. Kule kaburini hata punje haikufika, na mvua zilikuwa zinakatika. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Bibi yako akaja na mkongojo wake, akatazama mbele, akatazama nyuma. "Mmewafikiria wageni," alisema taratibu. "Baba yenu mmemwachia vumbi." Baba yako alilia siku ile, na usimwambie kwamba nimekusimulia.

Krismasi ikafika, mbele pamependeza, kila mtu anasifia. Bibi yako akachukua kigoda chake, akaenda kuketi kwenye udongo mtupu, kando ya mumewe. Wanawe wakamfuata mmoja mmoja na mabakuli yao ya mtori wa ndizi. Uwanja wetu wa kifahari tukawaachia kuku.

Masika tulianzia kaburini. Safari hii tulipima kwanza kwa kamba, tukatoa njia, tukatoa maegesho na kivuli cha migomba, maana huko nyasi hazikai. Kila kipande tukakipa fungu lake la mbegu, na nyingine tukaziweka za kuzibia mapengo. Zilipoota, bibi yako alivua viatu akakaa pale mpaka ukungu ukashuka tena, amefumba macho, anatabasamu. Sasa naye amelala papo hapo. Nikimkumbuka huenda kukaa kwenye zile nyasi, nazo ni laini mno.

Basi pima kabla hujanunua, mwanangu, na ubakize za akiba. Halafu anzia mahali ambapo mtu wako anapasubiri, si barabarani kwa wapita njia. Mungu akupe mvua za taratibu na watu wa kukaa nao. Nami nikija huko Shirimatunda, usinikawize getini. Nipeleke kwanza nyuma ya nyumba.