Bata Dume wa Mlangoni

Kila asubuhi mama mkwe hutoka jikoni na ufagio, na bata dume huwa anamngoja mlangoni, shingo imenyooka, uso mwekundu. Hampigi. Humwachia ufagio aung'ate, kisha hupita pembeni na beseni la makapi, akiburura ndala zake. Miguu yake imejaa alama za mdomo wa bata, za zamani na za jana, na Siok-lan, mke wa mwanawe, amechoka kuzipaka dawa. Leo kipupwe kinaanza. Kila nyumba kijijini inapika bata kwa tangawizi, na sufuria ya Siok-lan imeshachemka.

“Mama, leo umchinje kweli. Kesho atamng'ata mjukuu wako.”

“Nimesikia, mwanangu. Kisu si hiki hapa?”

Kupitia dirishani Siok-lan anamwona amechuchumaa uani, kambana bata kwapani, kisu kiko chini. Bata anamng'ata kiwiko. Mama mkwe hasogei.

“Ng'ata, mzee, ng'ata,” anasema, kwa sauti ile ile aliyokuwa akimpokelea marehemu baba mkwe kila aliporudi amelewa. “Ukichoka tutaingia ndani.”

Siok-lan anapunguza moto, anachukua kabichi, anaanza kuikatia sufuriani.