Mpira Niliouacha Uingie

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na kila nikiikumbuka nachanganyikiwa upya. Ningependa kukuambia kwamba uzee umenifafanulia mambo, lakini haujanifafanulia. Watu wengi nimeshawasamehe na mengi nimeshayaelewa, ila ile Jumamosi ya Kinondoni imebaki kichwani mwangu vilevile ilivyokuwa. Mpaka leo sijui kama macho yangu yalikosea, au akili ilikosea, au sikukosea kabisa.

Kwanza tujuane. Mimi ni Stela, bibi wa wajukuu watano hapa Temeke, na nikiinuka kwenye kiti magoti yanapiga kelele kuliko mimi. Lakini niliwahi kuwa kipa wa mpira wa magongo. Usicheke. Tulikuwa timu ya wasichana, tuna magongo yetu yaliyopinda mwishoni, tuna mpira wetu mdogo mgumu kama jiwe, na golini nilisimama mimi, kwa sababu nilikuwa na mapaja ya kutosha na sikuogopa kupigwa. Nilikuwa pia mbishi. Nyumbani walisema nilizaliwa nikibishana na mkunga.

Aliyetufundisha ni Mzee Fidelis, fundi viatu mwenye kibanda chake palepale Kinondoni, ambaye ujanani aliwahi kuwa kipa. Pedi zangu za miguuni alizishona mwenyewe kwa turubai, akazijaza sufi, akaziwekea mikanda ya ngozi. Zilikuwa nzito, na mvua ikinyesha zilinuka kama godoro lililosahaulika nje. Nilizipenda sana.

Mipira ya kasi niliipenda pia. Mpira wa kasi unakuja, mwili unajirusha wenyewe, unasikia *pwaa* kwenye pedi na watu wanapiga kelele, "Stelaaa!" Nani hapendi? Ila Mzee Fidelis hakunifundisha hiyo. Kila jioni alikaa juu ya kreti ya soda hatua chache kutoka golini, akausukuma mpira kwa mkono. Ulikuja ukitambaa chini, polepole, na mara nyingine ulisimama kabla haujanifikia.

"Unganisha visigino," alisema. "Kunja magoti yaende mbele kidogo, mpira ukigonga pedi udondoke hapohapo. Uangalie mpaka ufe. Ukishakufa ndiyo uupige pembeni."

"Mzee, huu hata kuku anauzuia."

"Haya, uzuie basi, tuone kama umemfikia kuku."

Wenzangu walicheka, mimi nikanuna. Niliona ananidharau. Sikuelewa kwamba mpira wa polepole ni mgumu kwa sababu unakupa nafasi ya kufikiri, na mimi nikipewa nafasi ya kufikiri nilikuwa mtu wa hatari.

Sasa nikueleze habari ya Tausi, maana yote haya yanamhusu yeye kuliko mimi. Tausi alikuwa beki wetu, mbele yangu tu, na rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa, watu wa asili ya Kiarabu wa miaka mingi hapa mjini, watu wa heshima zao. Hakuwa baba mbaya. Alimruhusu binti yake kucheza wakati baba wengine wa mtaa ule hata kusikia hawakutaka. Lakini Tausi alikuwa ameshachumbiwa, na baba alikuwa amesema neno lake la mwisho. Kama timu ingevuka mechi ile ya Jumamosi, tungesafiri kwenda Moshi kucheza na timu za huko, naye angemwacha Tausi aende. Tusipovuka, magongo yangeishia hapo, apumzike nyumbani asubiri harusi.

Tausi hakuwahi kutoka nje ya Dar. Mimi kwetu ni bara, nilimsimulia baridi ya asubuhi na mlima ule unavyojitokeza mawingu yakipisha, naye aliuliza mpaka nikachoka kujibu. Begi lake alilifunga tangu Jumatano. Alinionyesha sweta aliloazima kwa shangazi yake, akalivaa palepale na joto lile la Dar, jasho linamtiririka, anacheka.

Na sare tu ilitutosha. Hilo uliweke akilini. Hatukuhitaji kushinda.

Sasa kuna sheria moja ya magongo lazima uijue, vinginevyo utaniona mwendawazimu. Mbele ya goli huchorwa mstari wa nusu duara. Bao halihesabiwi mpaka mshambuliaji awe ameugusa mpira ndani ya mstari huo. Akiupiga kutoka nje, ukaingia golini bila mshambuliaji mwingine kuugusa ndani, si bao, na mpira wanapewa wenye goli waanze upya. Kwa hiyo kipa anayejua sheria anaweza kuuacha mpira upite, akasimama tu kama mtu anayesubiri uji upoe.

Na mstari wa siku ile niliuchora mimi. Kwenye timu yetu kipa ndiye aliyechora nusu duara lake. Asubuhi nilifunga kamba kwenye mwimo wa goli, nikaivuta, nikazunguka nayo nikimwaga chokaa. Upande wa kulia chokaa ikaniishia. Nikaenda kwa mama mmoja aliyekuwa akikaanga mihogo karibu na uwanja, akanipa majivu kwenye kopo, nikamalizia nayo. Niliuangalia mstari wangu nikajisifu.

Mechi ilianza saa kumi. Wapinzani walikuwa wasichana wa huku Temeke ninakoishi sasa, na walitushambulia kweli. Niliokoa mipira mitatu ya kasi mpaka watu wakanishangilia kwa jina, nami kichwa kikavimba. Dakika zilikatika bila bao. Mwishoni kabisa, mwamuzi ameshaanza kutazama saa yake, mshambuliaji wao aitwaye Rehema, dada mrefu mwenye mikono mirefu, akapata mpira upande wa kulia. Akainua gongo apige kwa nguvu zote. Gongo likakwaruza chini kwanza, vumbi likatimka, na mpira ukaguswa kidogo tu. Ukaanza kuja kwangu ukitambaa.

Mwanangu, ulikuwa unatembea. Ningeweza kuinama nikafunga kamba ya kiatu halafu nikauzuia. Tausi alikuwa pembeni, amepitwa, akapiga kelele, "Toa! Stela, toa!"

Nami nikafikiri. Niliona Rehema amepiga mpira ukiwa nje ya mstari. Nikasema moyoni, si bao hili, nikiugusa huenda nikawaachia wao nafasi nyingine, nikiuacha tunaanza sisi na mechi imekwisha. Nikatanua miguu. Nikainua na mkono kumwonyesha mwamuzi kwamba ulipigwa kutoka nje. Mpira ukapita katikati ya miguu yangu taratibu, ukagonga ubao wa nyuma ya goli. *Ko.* Hata haukuwa na nguvu ya kurudi.

Mwamuzi akapuliza filimbi, akaonyesha katikati ya uwanja. Bao.

Nilimkimbilia na pedi zangu zote. "Kapiga nje yule! Mstari nimeuchora mwenyewe!"

"Basi njoo unionyeshe," akasema, bila hasira.

Tukaenda. Hapakuwa na mstari. Majivu yalikuwa yamekanyagwa mechi nzima, upepo umechukua yaliyobaki, pamebaki wekundu wa ardhi na alama za viatu juu ya viatu. Mimi nikaonyesha hapa. Beki wetu mwingine akaonyesha pale. Rehema mwenyewe alikuwa ameshakumbatiwa na wenzake watano, huwezi hata kumwona. Mwamuzi akanitazama kwa huruma, akarudi katikati. Dakika mbili baadaye mechi ikaisha.

Kamba yangu niliitafuta, nikaifunga tena kwenye mwimo, nikaivuta mbele ya watu. Ikafika mahali. Lakini mahali mstari ulipopita si tatizo, hapo kamba ilijibu. Tatizo ni mpira ulikuwa wapi Rehema alipougusa, na hilo kamba haikulijua. Nilibaki nimeishika, wenzangu wanaondoka mmojammoja, na Tausi nilipomtafuta alikuwa ameshakwenda.

Jumatatu nikaenda kibandani kwa Mzee Fidelis. Nilikuwa nimejiandaa kama wakili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa."

Nikachora nusu duara kwenye mchanga, nikaweka vijiwe, huyu Rehema, huyu Tausi, huyu mimi. Nikaeleza sheria, nikaeleza kamba. Alishona soli mpaka nikamaliza. Kisha akauliza swali moja tu.

"Mguu wako ulikuwa na kazi gani nyingine?"

  Nikasema lakini ulikuwa nje, mzee.

"Inawezekana. Mie nilikuwa mbali, sikuona. Labda una haki kabisa." Akakata uzi kwa meno. "Ila usije kunieleza mie. Nenda kamweleze Tausi."

Nikaenda. Mama yake akanikaribisha vizuri, akanipeleka ndani. Begi la Tausi lilikuwa limefunguliwa kitandani, naye anapanga nguo kabatini. Sweta la shangazi lilikuwa limekunjwa peke yake juu ya kiti.

"Samahani, Tausi," nikasema. "Ila ulikuwa nje ule."

"Una hakika?"

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa, mwanangu. Kwa mwamuzi nilikuwa na hakika, na kwa mzee nilikuwa nayo bado. Mbele ya yule binti na begi lake, nikajaribu kuuona tena mpira kwenye gongo la Rehema na ule mstari wa majivu, vikawa vinaruka ruka. Mara uko nje, mara uko ndani.

"Sijui," nikasema.

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Aliikunja blauzi aliyoishika, akasema, "Basi sie tumekosa Moshi kwa sababu ya sijui."

Mwezi uliofuata akaolewa. Nilicheza ngoma kwenye harusi yake, nilikula pilau, na nilijificha uani nikalia mpaka kamba za nguo zikanishangaa. Gongo hakulishika tena.

Miaka ikapita mingi. Siku moja nilikuwa Mwenge kwa wachonga vinyago, nanunua zawadi ya mgeni wa mwanangu, nikamwona mama mrefu mwenye mikono mirefu anabishana bei. Alikuwa Rehema. Nilimsalimia, nikajitambulisha, akanikumbatia kwa furaha, "Yule kipa mbishi!" Nikamuuliza hapohapo, kati ya twiga wa mti na vinyago. Ulipopiga ule mpira wa mwisho, Rehema, ulikuwa ndani au nje?

Akanitazama. Akafikiri kweli, nilimwona anafikiri.

"Upi huo, dada? Mie nilichezaga mechi nyingi." Kisha akauliza kwa upole, "Kwani siku ile mlifungwa?"

Nilikaa chini kwenye gogo la mchonga vinyago. Mtu pekee aliyejua jibu alikuwa amelipoteza, na wala hakujua kama alikuwa nalo. Nimebishana kichwani kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu, nimeshinda kesi ile mara elfu nikioga, na hakuna hakimu. Kuna asubuhi naamka nikijua hakika ulikuwa nje, na jioni yake najua ulikuwa ndani. Na kibaya zaidi, nimegundua haibadilishi kitu. Hata kama nilikuwa na haki, nilikuwa na haki nikiwa nimetanua miguu.

Kwa hiyo mwanangu, wewe unayefunga pedi na wewe usiyejua hata gongo linashikwaje, nisikilize. Mambo ya kasi utayamudu. Moto ukiwaka utakimbilia ndoo, mtoto akianguka utamdaka, huna haja ya mafunzo yangu. Ninachokuogopea ni yale yanayokuja taratibu, chini chini, yakikupa nafasi ya kuwa mjanja. Kikohozi cha mumeo kisichoisha. Jirani aliyeanza kujibu salamu nusunusu. Bati linalovuja tone moja. Utajiambia hili halinihusu, hili limepigwa kutoka nje, sheria iko upande wangu. Pengine ni kweli. Uzuie hivyohivyo. Unganisha visigino, kunja magoti, uangalie mpaka ufe, ndiyo uanze kubishana. Ukibishana mpira ukiwa miguuni mwako, hata ukishindwa hoja hakuna aliyeumia. Na nyuma yako kila siku yupo mtu ambaye begi lake limeshafungwa, hata kama hakuambii.

Tausi yupo, alhamdulillahi, ana wajukuu zaidi yangu, na duka la baba yake sasa ni lake. Watoto wake wamefika nchi ambazo mimi siwezi kuzitamka. Yeye Moshi hajafika mpaka leo. Kila mwaka namwambia, shoga, twende, nitakupeleka mwenyewe. Ananimiminia chai, anatabasamu, ananiambia, "Kufanya nini sasa, Stela?" Nami nakunywa chai yangu.

Mungu akupe miguu inayowahi kuliko maneno yako, mwanangu. Akupe rafiki wa kukupigia kelele, na akupe sikio la kumsikia kwa wakati. Na utakapokosea, maana utakosea, Mungu amjalie yule uliyemkosesha aendelee kukumiminia chai.