Mlango ambao Hiltje hakuufungua

Saa kumi na moja na robo alfajiri, taa ya jikoni kwa Hiltje Postma inawaka tayari. Ameshakunywa kahawa. Ameshavaa viatu vyake vya mbao. Anashika kitasa cha mlango, kisha anakumbuka kwamba siku hizi hana tena ng'ombe wa kukamua.

"Umeona?" anasema, akijicheka mwenyewe. "Kichwa kimeshaelewa, lakini miguu bado haijapata habari."

Hata hivyo anatoka, kwa sababu leo si siku ya kukaa ndani. Leo ni Jumamosi ya tatu ya Aprili, siku ambayo ng'ombe sitini na wawili wa familia hii ya Lytsewier, kijiji kidogo cha Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, wanatolewa zizini. Waliingia humo mwanzoni mwa Novemba, baridi ilipoanza. Tangu juzi wananusa majani mabichi kwenye upepo. Wanalia, wanasukumana, wanagonga vyuma kwa vichwa.

"Sikiliza kelele hizo!" anasema Hiltje, macho yakimeta. "Hawana kalenda, lakini wanajua. Na mimi nina miaka sitini na mitatu, lakini siku hii bado naingoja kama mtoto wa shule."

Mwaka huu ameingoja kwa sababu nyingine pia.

Katika familia hii mlango mkubwa wa zizi, siku ya kutoka, hufunguliwa na mtu mmoja tu: mwenye shamba. Jambo hilo halikuandikwa popote. Baba mkwe wa Hiltje aliufungua kila mwaka hadi asubuhi moja alipomsukuma mwanawe Gerlof mbele, na wote waliosimama pale wakajua kwamba tangu siku hiyo shamba ni la Gerlof. Gerlof, mume wa Hiltje, alifariki kwa ugonjwa wa moyo miaka mitatu iliyopita. Tangu hapo mlango unafunguliwa na Hiltje.

Lakini yuko Wytske, binti yake wa pekee, mwenye umri wa miaka thelathini na minne. Amefanya kazi hapa tangu amalize chuo cha kilimo. Mfukoni ana barua kutoka shamba kubwa la Denmark, linalomtaka awe msimamizi wake. Wanataka jibu Jumatatu.

"Aliniambia wiki tatu zilizopita," anasema Hiltje. "Akasema, 'Mama, siwezi kuendesha shamba ambalo usukani wake umeushika wewe. Ukiufungua tena ule mlango mwaka huu, nitajua jibu langu.' Hakunitisha. Wytske hatishi mtu. Alisema huku anamenya viazi. Hapo ndipo nilipoogopa."

Je, leo nani atafungua?

"Nimeomba," anajibu, na kuingia zizini.

Hiltje alikamua ng'ombe kwa miaka thelathini na tisa, mara mbili kwa siku, Krismasi na Pasaka zikiwemo. Ukipiga hesabu ni zaidi ya mara elfu ishirini na nane. Alikamua akiwa mjamzito. Alikamua asubuhi ya maziko ya mumewe, kwa sababu kiwele hakijui msiba. Bega lake la kulia limechakaa, na daktari amemwambia wazi kwamba asipoacha kazi hiyo hataweza hata kuchana nywele.

Vuli iliyopita Wytske alileta roboti ya kukamua. Ng'ombe huingia mwenyewe anapojisikia, hupewa pumba kidogo, na mashine humkamua bila mtu kuwapo. Ng'ombe karibu wote walizoea ndani ya wiki mbili. Aligoma mmoja tu: Sietske wa Thelathini na Moja, ng'ombe mkongwe wa miaka kumi na mitatu. Hapa jina hurithiwa na ukoo mzima wa ng'ombe, ndiyo maana wana namba kama wafalme.

Fundi alikuja mara mbili. Mashine haikuwa na kasoro. Lakini kulikuwa na kitendawili: Sietske hakukanyaga kwenye roboti, na bado kila asubuhi kiwele chake kilikuwa kitupu.

"Tukiwa mezani Wytske akasema, 'Labda malaika wanamkamua,'" anasimulia Hiltje. "Nikamwambia malaika wana kazi nyingine. Halafu nikaomba nipitishiwe chumvi."

Asubuhi moja ya Januari, Wytske aliamka saa kumi alfajiri, akavaa mabuti juu ya nguo za kulalia, akaenda zizini bila kuwasha taa. Kwenye pembe ya zamani, ile iliyotakiwa kubomolewa, alisikia zaburi ikiimbwa kwa sauti ya chini. Mama yake alikuwa ameketi kwenye kigoda, ndoo katikati ya magoti, paji la uso limeegemea ubavu wa Sietske.

"Mama," akasema Wytske, "mbona malaika amevaa koti la Baba?"

Wakacheka mpaka ng'ombe wakasimama wote. Kisha Wytske akageuza ndoo, akaketi juu yake.

"Unadhani unamhurumia?" akauliza.

"Namhurumia. Amezeeka. Anaogopa."

"Mama, haogopi. Anakungoja wewe. Haendi kule kwa sababu wewe unakuja huku."

Hiltje anaposimulia hapa anasimama. Anapangusa mikono kwenye aproni, ingawa haina unyevu.

"Unajua nilikuwa naomba nini majira yote yale ya baridi? Kila jioni napiga magoti: Bwana, nisaidie kuachia. Nisaidie kumpa mtoto nafasi. Halafu alfajiri naamka kabla Bwana hajapata hata dakika ya kujibu, naenda kushika chuchu! Miaka yote nakwenda kanisani, nasikia mahubiri. Nikaja kuelewa kwenye kigoda."

Aliacha siku hiyo hiyo. Siku tatu Sietske alisimama kwenye pembe ya zamani akilia, na siku tatu Hiltje alikaa jikoni ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Siku ya nne simu ikaita. Alikuwa Wytske, akipiga kutoka zizini, umbali wa hatua arobaini.

"Ameingia! Mama, ameingia! Lita kumi na tatu!"

"Nilikimbia na soksi kwenye theluji," anasema Hiltje. "Mwanamke mzima!"

Lakini ng'ombe mmoja ni kitu kidogo. Mlango ni kitu kingine.

Saa tatu na nusu asubuhi majirani wanaanza kufika. Wanasimama kando ya uzio, na vikombe, na kofia, na watoto mabegani. Durk Hoekema, mkulima mstaafu wa shamba la pili, amekuja na kiti chake mwenyewe kama kila mwaka.

"Hiltje!" anaita. "Umeomba mvua isinyeshe?"

"Niliomba wewe usije, Durk. Unaona, si kila ombi hujibiwa."

"Nimefuata mkate wa sukari, sikukufuata wewe."

"Huo upo. Ila utakula wa mwisho."

Watu wanacheka. Wytske hacheki. Yuko pembeni ya zizi, fimbo mkononi, anachunguza waya wa uzio ambao alishauchunguza jana. Hamtazami mama yake.

Saa nne kamili Hiltje anaingia ndani na kwenda kwenye mlango mkubwa. Mlango huo hufungwa kwa komeo la chuma lililong'aa kwa kushikwa na vizazi vinne. Anaweka mkono juu yake. Nyuma yake ng'ombe wamejipanga, Sietske mbele kabisa, pumzi zao zinafuka mvuke.

Dakika nzima inapita.

"Fungua basi, kahawa inapoa!" anapiga kelele Durk.

Hiltje anaondoa mkono. Anaupangusa kwenye aproni.

"Wytske," anaita. "Njoo wewe. Bega linaniuma."

Wytske anaingia zizini taratibu. "Bega, Mama?"

Hiltje anatikisa kichwa. "Hapana. Si bega." Anajisogeza kando ya mlango. "Fungua, mwanangu. Ni mlango wako."

Wytske anamtazama. Kisha anashika komeo kwa mikono miwili na kulivuta, na mlango unateleza kando kwa kishindo. Jua lote la Aprili linaingia zizini.

Na hakuna kinachotokea.

Sietske amefika kizingitini, pale mwanga unapokata kivuli, na amegoma. Kwato zake hazivuki mstari ule. Wale sitini na mmoja wa nyuma yake wanabanana, lakini hakuna atakayetoka kabla ya mkongwe. Wytske anaita. Anapiga mluzi. Anamsukuma kwa bega. Sietske anageuza kichwa na kutazama kando ya mlango, ndani, mahali Hiltje anaposimama kila mwaka akiwahesabu wanapotoka.

"Mama, anakutazama wewe."

"Naona."

"Basi toka."

"Nitoke mimi?"

"Toka kwanza wewe! Yeye atakufuata!"

Hiltje anasita kidogo tu. Kisha anavuka kizingiti, anampita binti yake, anaingia kwenye majani na viatu vyake vya mbao, anatembea moja kwa moja bila kugeuka. Akiwa mbali kama hatua ishirini, anaita jina moja, kwa sauti ile ile ya alfajiri.

Ukwato mmoja unavuka. Wa pili. Halafu Sietske wa Thelathini na Moja, bibi wa miaka kumi na mitatu, anaruka juu kwa miguu yote minne kwa pamoja!

Umati unalipuka. Ng'ombe wanamwagika nje kama maji yaliyobomoa tuta. Wanakimbia, wanarusha mateke, wanazunguka, wanapiga magoti na kusugua shingo ardhini. Wawili wanatumbukia mtaroni na kutoka wakiwa na furaha zaidi. Viwele vinayumba, matope yanaruka mpaka kwenye kofia za watu. Durk amesimama juu ya kiti chake, kahawa yote imemwagikia koti, anapiga makofi. "Mnaona! Mnaona!" anasema, kana kwamba ng'ombe ni wake.

Katikati ya vurugu hiyo Wytske anakimbia mikono juu mpaka alipo mama yake. Wanashikana. Wanapiga kelele wote wawili kwa wakati mmoja, hakuna anayesikia mwenzake.

"Jumatatu nitawaandikia wale wa Denmark," anasema Wytske, pumzi zikimrudia.

"Utawaambia nini?"

"Kwamba nina ng'ombe sitini na wawili na mama mmoja mkaidi. Sina nafasi."

Hiltje anacheka, anafuta macho kwa aproni, na matope ya aproni yanahamia usoni.

"Nilidhani kuachia ni kubaki nyuma," anasema baadaye, akiwatazama ng'ombe ambao sasa wameinamisha vichwa na wanang'oa majani kama watu wenye njaa ya mwaka. "Nilidhani nitasimama ndani, gizani, nione wengine wanaondoka. Ndiyo maana niliogopa. Kumbe ilikuwa zamu yangu kutoka! Mchungaji mwema huwatangulia walio wake. Nimelisikia hilo tangu shule ya Jumapili. Sikujua kwamba siku moja litanihusu mimi na ng'ombe mzee."

Saa sita familia inakaa mezani: Hiltje, Wytske na mume wake Remco, ambaye ni mwalimu, na Durk, ambaye hakualikwa. Viazi, nyama ya mchuzi, kisha mkate wa sukari. Kiti cha Gerlof, kile cha karibu na dirisha, hakijakaliwa kwa miaka mitatu. Hiltje anakivuta nyuma na kumwonyesha Wytske kwa kidevu. Wytske anakaa. Durk anaacha kutafuna.

Katika nyumba hii Maandiko husomwa baada ya chakula, kabla mtu hajainuka. Zamani Gerlof alikuwa akisoma, na akimaliza humgeukia mtoto ghafla na kumwuliza neno la mwisho lilikuwa lipi, kuona kama alisikiliza. Asiyejua aliosha vyombo. Leo Wytske anasoma. Anafunga kitabu, anainua macho.

"Mama. Neno la mwisho?"

Hiltje anashtuka. Alikuwa anatazama nje.

"Sikusikia," anakiri. "Nilikuwa naangalia ng'ombe."

Meza nzima inapiga kelele. Durk anapiga kofi mezani. "Vyombo! Vyombo!"

Kwa hiyo mwenye shamba wa jana yuko kwenye sinki, povu mpaka viwikoni, akitumia zaidi mkono wa kushoto. Bega litafanyiwa upasuaji mwezi wa sita. Kabla ya hapo atahamia kwenye nyumba ndogo ya bustanini, iliyobaki tupu tangu mama mkwe wake afariki. Remco ameshapaka rangi vyumba viwili. Na kesho, Mungu akipenda, Hiltje atalala mpaka saa moja asubuhi, kisha aende kanisani bila harufu ya maziwa kwenye nywele.

"Miguu itaamka saa ile ile tu," anasema. "Itazoea. Sietske alizoea."

Nje, mkongwe amelala kwenye majani, jua mgongoni, anacheua. Hiltje anasuuza sahani ya mwisho na kuisimamisha.

"Mwakani Wytske akifungua ule mlango, usinitafute ndani," anasema. "Nitakuwa nimeshafika kule kwenye majani. Nitawangoja."