Ukurasa wa Sista Njoki

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa chumba kisicho na dirisha, meza moja na redio kol. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika hospitali ya kibinafsi mjini Thika ambayo sitaitaja jina. Nilikuwa nimetoka jeshini, kitengo cha mawasiliano, nikidhani nimeajiriwa kupokea simu tu. Daktari Mkuu wa wakati huo, mzee mpole aliyevaa sweta hata jua likiwaka, aliniketisha akaniuliza:

"Kariuki, unaweza kuandika nambari bila kukosea?"

"Naweza, Daktari."

"Basi wewe utakuwa macho yangu. Mgonjwa yuko Gatongora, mimi niko hapa. Nitamwona kupitia hizo nambari. Ukikosea moja, nitakuwa nimemtibu mtu mwingine."

Nyinyi vijana mnaoongea na daktari kwa video mkiwa kitandani, wacha niwaeleze ilivyokuwa. Redio kol, au simu ya upepo, ni ya kuzungumza mmoja mmoja. Ukibonyeza kitufe unasema, ukikiachilia unasikiliza, na ukimaliza unasema "ova" ili mwenzako ajue zamu ni yake. Yetu ilitumia betri ya gari, na mvua ikinyesha ilikoroma kama mtu mwenye mafua. Tulikuwa nazo nne: yangu, ya kwenye ambulensi, na mbili za zahanati za mashamba ya kahawa, moja mashariki ya Thika na nyingine upande wa Gatongora, Ruiru. Miezi mitatu nilikaa Ruiru nikisimamisha eriali na kuwafundisha wauguzi kuitumia.

Kila asubuhi saa tatu muuguzi alinisomea ripoti ya wagonjwa wake: joto la mwili, mapigo ya moyo, na presha za kina mama wajawazito. Presha ina nambari mbili, ya juu moyo unaposukuma damu, ya chini unapopumzika. Niliziandika katika daftari langu, nikampelekea Daktari Mkuu, nikarudi na jibu lake. Kukiwa na dharura alikuja mwenyewe kushika kipaza sauti. Nilimsikia akimwongoza muuguzi kufunga mguu wa mtu aliyejikata kwa panga, hatua kwa hatua, mpaka gari likafika. Mtu huyo alipona.

Zahanati ya Gatongora ilikuwa chini ya Sista Njoki. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na kila nambari aliisema mara mbili bila kuombwa. Kwa miaka minne sikuwahi kumpata na kosa.

Kisha mzee wa sweta akastaafu. Daktari Mkuu wa pili alikuwa kijana zaidi, mwenye viatu vya kung'aa. Wiki ya kwanza alisimama mlangoni pangu akasema, "Mimi si daktari wa hewani. Mgonjwa aletwe nimguse." Lakini gari la kumleta akaligeuza la ofisi. Mara limempeleka mjumbe wa bodi Nairobi, mara limebeba mizigo ya mtu.

Sasa nifike kwa Mwende. Alikuwa mke wa Mutua, Mkamba aliyechuma kahawa katika shamba lile la Gatongora, na mimba hiyo ilikuwa ya kwanza. Jumatatu Sista Njoki alinisomea presha yake, mia moja arobaini kwa tisini. Jumanne, mia moja hamsini kwa mia moja. Jumatano asubuhi sauti yake ilikuja kabla ya saa tatu.

"Kariuki, andika. Mwende, mia moja sitini kwa mia moja na kumi. Narudia, mia moja sitini kwa mia moja na kumi. Kichwa kinamuuma sana na anaona vimulimuli. Mkojo nimeuchemsha, umeganda kama ute wa yai, una protini. Naomba gari sasa hivi. Ova."

Nilikimbia. Daktari Mkuu aliitazama karatasi bila kuishika.

"Wauguzi wa mashambani wanapenda sana kupanda gari. Ampumzishe. Tutaona kesho."

"Daktari, amesema anaona vimulimuli."

"Wewe ni daktari?"

Nilirudi redioni. Nilijua pia jambo ambalo hakuniambia: ambulensi ilikuwa mtaa wa Kahawa Sukari, ikibeba viti na hema za harusi ya jamaa wa mjumbe mmoja wa bodi. Dereva alikuwa ameniambia kwa redio akicheka.

Nilimpa Sista jibu.

"Umemwambia nambari zote mbili?"

"Zote."

"Basi rudi umwambie tena. Mwambie huyu mama ataanguka kifafa cha mimba. Ova."

Sikurudi. Niliogopa kuulizwa tena kama mimi ni daktari. Nilikaa pale dakika chache, kana kwamba nimekwenda, kisha nikabonyeza kitufe nikasema, "Amekataa, Sista." Hilo sikulisema kwa mtu yeyote kwa miaka kadhaa.

Saa nane mchana akapiga tena. Sauti ilikuwa ya mtu anayekimbia. "Ameanza kutetemeka! Pikapu ya shamba imepeleka kahawa kiwandani. Gari liko wapi?" Safari hii Daktari Mkuu alikuja mbio, akashika kipaza sauti, akataja sindano, akasema alazwe kwa ubavu wa kushoto. Nilipompata dereva Kahawa Sukari, alihitaji kwanza kushusha viti. Walimchukua Mwende akiwa hai. Alifariki njiani kabla hawajafika Juja, na mtoto naye.

Siku ya pili Daktari Mkuu aliniita, akafunga mlango. Juu ya meza palikuwa na daftari langu, lile la karatasi zinazofungwa kwa kamba, na ukurasa wa Sista Njoki wa wiki ile ulikuwa umefunguliwa.

"Huu ukurasa ni mchafu. Utaandika upya."

Alinipa kijikaratasi. Presha ya Mwende ya Jumatano ilikuwa imegeuzwa mia moja thelathini kwa themanini na tano. Nambari za Jumatatu na Jumanne nazo zilikuwa zimeshushwa, na hakukuwa na vimulimuli wala ombi la gari.

"Daktari, Sista alisema..."

"Kariuki, hospitali ikifungwa utaenda wapi? Jeshi litakurudisha?"

Niliandika. Mwandiko ulitoka safi kama wa siku zote, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi hadi leo.

Kikao cha nidhamu kilifanyika ofisini kwa Metroni, mkuu wa wauguzi. Kadi ya kliniki ya Mwende, yenye presha zake, iliyokuja na ambulensi, haikuonekana tena. Sista Njoki alionyeshwa ukurasa wangu. Aliusoma, akausukuma polepole.

"Hizi si nambari zangu," alisema, kisha akanigeukia. "Kariuki, wewe ulinisikia. Sema."

"Nilichosikia ndicho nilichoandika," nilisema.

Alivua beji yake akaiweka mezani kabla hata hajaambiwa. Barua ya kumfuta kazi ilisema alificha hali ya mgonjwa kwa uzembe. Mimi nilifanywa Msimamizi wa Mawasiliano.

Nilistaafu muongo huo ukiisha. Redio zilikuwa zimezimwa tayari, betri zikiwa na kutu. Katika sherehe yangu walinipa blanketi na keki, na Daktari Mkuu akasimama kunisifu kwa taarifa zangu sahihi. Watu walipiga makofi. Niliiacha keki mezani nikaondoka.

Kazi ya shamba nyuma ya nyumba haikunizuia kufikiri. Baada ya miezi miwili nilimtafuta Mutua. Alikuwa amerudi kwao, mashariki ya Thika, analima. Alinipa kiti nje, nikamwambia yote, kuanzia vimulimuli hadi "amekataa". Hakunipiga.

"Siku ya mazishi Sista alikuja," alisema. "Nilimfukuza mbele ya watu. Nilimwita muuaji." Akasimama, akaingia ndani, akatoka amevaa koti. "Nipeleke kwake."

Sista Njoki alikuwa anaishi Kiganjo, katika chumba cha kupanga, akishona sare za shule. Hakuna hospitali iliyomwajiri tena baada ya barua ile. Alitufungulia mlango akiwa na tepu ya kupimia shingoni. Mutua alivua kofia.

"Sista, nilikufukuza. Sikujua."

"Ingia, Baba," alimwambia, akashika mkono wake kwa mikono yake miwili.

Kisha akanitazama mimi.

"Nimekuja kusema ukweli, Sista," nilisema.

"Huo nilikuwa nao," alinijibu. "Si wewe wa kuniletea."

Akamwingiza Mutua ndani na kufunga mlango. Niliwasikia wakiongea, kisha nikamsikia Mutua akilia. Niliondoka.

Nasikia Mutua humpelekea mahindi kila mavuno. Mimi sijawahi kuitwa, na kila nikipita Kiganjo huvuka barabara na kupita upande ule mwingine.