Punda Aliposimama kwa Kina Saadia

Juzi nilipita mbele ya ghala la ngozi mbichi, na wenzangu wote wakaziba pua na kuharakisha mwendo. Mimi nilisimama. Ile harufu ya chumvi, damu na mafuta ya mbuzi, inayowakimbiza wengine, kwangu mimi ni harufu ya Idi. Msinicheke. Wapo ambao Idi yao inanukia udi na halua; yangu inanukia ngozi.

Nilikulia Garissa, ingawa kwetu hasa ni pwani. Baba alikuwa karani wa posta, akahamishiwa huko nikiwa bado nanyonya, na miaka ya tisini ilinikuta shule ya msingi nikijua Kisomali cha kugombana tu. Mwaka mmoja, mwalimu wetu wa darasa la sita alikwenda kwenye nyumba ya yatima upande wa pili wa mji, akarudi hana raha. Watoto kule walikuwa wanalala chini, kwenye saruji. Akatuuliza, sisi tunaweza kufanya nini? Basi Idi ya kuchinja ilikuwa inakaribia, na siku hiyo Garissa ngozi hazina idadi. Kila ua unachinja, na ngozi watu huzitoa sadaka. Tukakubaliana tuzunguke tuzikusanye, tuziuze, tununue magodoro.

Dekow, mwenzetu wa darasani, aliazima punda na mkokoteni wa mjomba wake aliyekuwa akiuza maji. Kwa ajili hiyo alijiona waziri. Mimi nilivaa gauni langu jipya la waridi lenye marinda, na mama alipojua ninakwenda nalo wapi alishika kichwa.

Kabla ya kuondoka tulipatana jambo moja: kwa kina Saadia tusiende. Saadia alikuwa rafiki yangu, tukikaa dawati moja. Ukame uliopita ulimaliza ngamia wao wote kule karibu na Hulugho, wakaja na miti na mikeka ya nyumba yao wakaisimamisha upya pembeni mwa mji. Baba yake alikuwa amekwenda Elwak kutafuta kazi kwenye malori. Tulijua hawakuchinja. Tukaona ni aibu kumbishia mtu hodi kumwomba ngozi asiyokuwa nayo. Saadia mwenyewe hatukumwita kwenye msafara, maana angejisikiaje? Tulijiona watu wenye akili sana.

Kazi ilikwenda vizuri. Mkokoteni ulijaa, nzi wakatuandama, na korongo wale wenye vipara wakawa wanatufuata kwa miguu kama wazee waliochelewa kwenye mkutano. Gauni langu sitaki hata kulizungumzia.

Tulichosahau ni punda. Alikuwa punda wa maji, njia ile aliipita kila siku ya Mungu, na wateja aliwajua mmoja mmoja. Alipofika mbele ya ua wa miiba wa kina Saadia, akasimama. Dekow alimvuta, akamsukuma, akamtukana kwa lugha mbili. Punda akatikisa masikio tu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mama yake Saadia akatoka na ndoo, akidhani ni maji. Tulikuwa tukimwita eedo, yaani shangazi. Akazitazama ngozi, akatutazama sisi. Kwa ajili yangu alisema Kiswahili, kile chake ambacho "p" haikuwahi kufika.

"Ngozi yote hii nabeleka wabi?"

"Kwa yatima, eedo," Dekow akajibu. "Tunauza, tunanunua magodoro. Wale wanalala chini."

"Watoto nalala chini?" Akaweka ndoo. "Ngoja."

Akaingia ndani, akatoka na ngozi ya mbuzi ambayo haikuwa ya siku ile. Ilikuwa imelainishwa vizuri, kingo zimechakaa kwa kulaliwa. Akaiweka juu ya mkokoteni kwa mikono miwili. "Hii sio ya kuuza," akasema. "Mtoto moja nalala juu yake."

Saadia alikuwa amesimama mlangoni. Alinikata jicho ambalo sijapata kulisahau, kisha akageuka akaingia ndani. Punda naye, shughuli yake imekwisha, akaanza kutembea mwenyewe.

Jioni ile pilau niliisukuma kando. Kwa kuwa haikuwa ya kuuza, nilikuwa nimekuja na ile ngozi nyumbani, imekunjwa pembeni, na kila nikiitazama najiuliza leo kina eedo wanalala wapi, na kama Saadia atakaa tena nami dawati moja. Nililia, nikamweleza mama. Asubuhi mama akaikunjua, akaikung'uta, akapakua pilau kwenye bakuli, akaniambia, "Haya, twende."

Alipofika alieleza kwa adabu zote za pwani, akizunguka huku na huku: watoto ni watoto, hawajui cha kuchukua na cha kuacha, asione vibaya. Eedo alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka hadi akakaa.

"Mama Mwanaidi! Mimi natoa kwa Mungu, wewe narudisha kwangu? Thawabu yangu nataka kula wewe?"

Akamshika mama mkono akamwingiza ndani. Sakafu nzima ilikuwa imetandikwa ngozi ya ngamia, pana, nene, ya kutosha ukoo mzima.

"Sisi nalala haba juu yake, wallahi. Ile ya mbuzi ni ya mgeni. Basi mgeni yangu sasa iko kule kwa yatima."

Mama naye akacheka, nikahisi pumzi inanirudia. Lakini bado Saadia. Nilimkuta nyuma ya nyumba akisugua sufuria kwa mchanga.

"Samahani kwa ngozi," nikaanza.

"Ngozi?" Hakuinua kichwa. "Nani analilia ngozi? Darasa zima mnazunguka mji na punda, mnaimba, mimi niko mlangoni naangalia. Hata Dekow ana kazi! Mimi nina ugonjwa gani?"

Nikasema lililokuja. "Zile ngozi bado hazijapakwa chumvi. Ziko nyingi. Zinanuka."

"Sasa unangoja nini?" Akaiacha sufuria palepale na mchanga wake, tukakimbia. Nilicheka njia nzima bila sababu, nimekuwa mwepesi kama nimetuliwa mtungi kichwani.

Magodoro yalinunuliwa, na Saadia ndiye aliyewatandikia watoto. Kwa miaka mingi nilikuwa nikisimulia habari hii kama kisa cha punda, watu wakafurahi. Kisha nikiwa mtu mzima ukanijia mwaka mbaya, kazi imekwisha, na mashoga zangu wakachanga kwa ajili ya mwenzetu mgonjwa bila kuniambia. Walinihurumia. Niliumia mno hata nikajishangaa, na hapo ndipo nilipolielewa lile jicho la Saadia.

Siku hizi nikipewa kazi ya kukusanya mchango, wa matibabu au wa msiba, hakosi mtu wa kuniambia kwa sauti ya chini: fulani mruke, hali yake unaijua. Ninaijua. Ndiye ninayempigia simu kwanza.